Mwimbaji Akae Katikati: Mwongozo Kamili wa Kupanga Spika na Kutibu Sebule ili Stereo Isikike Inavyotakiwa

Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea kutoka Unguja nilimwekea taarabu anayoipenda. Alisikiliza kimya hadi ubeti wa pili, kisha akaniuliza, "Mkwe, mbona huyu bibi anaimbia dirishani?"

Nilikuwa nimekaa na redio ile miezi mingi bila kulitamka jambo hilo, lakini alisema kweli tupu. Sauti ya mwimbaji haikuwa katikati ya spika mbili. Ilikuwa imehamia kulia, upande wa dirisha kubwa la alumini, na fidla na ganuni ambazo zilitakiwa zitawanyike huku na huku zilikuwa zimerundikana mahali pamoja. Spika zilikuwa nzima, ampu (kikuza sauti) nzima, waya mzima. Kilichoivuruga picha ya sauti, yaani ile hisia ya nani amesimama wapi, ni sebule: kuta za tofali za saruji zilizopigwa lipu na kuskimiwa, marumaru sakafuni, dari ya jipsamu, kioo upande mmoja na uwazi wa kwenda chumba cha kulia upande wa pili. Sebule za namna hiyo ndizo nyingi mijini kwetu, na ndiyo maana naandika haya kwa kirefu. Wengi wanauza spika nzuri kununua nyingine, wakidhani tatizo liko kwenye kasha.

Nitafuata mpangilio ambao ningemshauri mtu wa karibu yangu aufuate: kwanza visivyo na gharama, kisha vya gharama ndogo, na vya fedha nyingi mwishoni.

Picha ya sauti hutengenezwaje

Mwaka 1931 mhandisi Mwingereza Alan Blumlein, aliyekuwa kazini kwenye kampuni ya EMI, aliomba hataza (haki ya mvumbuzi) ya kurekodi na kupiga sauti kwa njia mbili. Santuri za stereo zikaja kuingia madukani mwaka 1958. Msingi wake ni masikio yetu mawili na kichwa kilicho katikati yake. Sauti ikitokea kulia, sikio la kulia huisikia kwanza na kwa nguvu zaidi. La kushoto huipata baadaye kidogo. Tofauti hiyo ya muda ni ndogo ajabu. Hata sauti ikitoka ubavuni kabisa, haizidi kama milisekunde 0.7, yaani haifiki sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ubongo huipokea na kukuambia papo hapo mtu yuko wapi.

Sasa spika mbili zikitoa sauti ileile, kwa nguvu ileile, wakati uleule, ubongo hukuonyesha mtu amesimama katikati, mahali pasipo na chochote. Huyo mtu wa katikati ndiye kipimo cha kazi hii yote. Akisimama imara, mdogo, mahali pamoja, basi gitaa la solo na la ridhimu nayo yatapata nafasi zake. Akiyumba au akinenepa kama wingu, kuna kitu chumbani kinachomvuruga, na kazi yako ni kukitafuta.

Hakikisha kwanza unasikiliza stereo

Fungua mipangilio ya simu yako, sehemu ya ufikivu, utazame kama kile kitufe cha sauti ya mono, yaani ya njia moja tu, kimewashwa. Nimekuta simu nyingi kimewashwa bila mwenyewe kujua. Spika moja ya Bluetooth juu ya meza, hata iwe na koni mbili ndani, haitakupa picha inayozungumzwa hapa. Koni zake zimebanana mno.

Kisha nenda nyuma ya ampu na nyuma ya kila spika. Nyekundu iende kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, kwa spika zote mbili. Spika moja ikigeuzwa, koni yake inarudi nyuma wakati mwenzake inakuja mbele. Besi hukonda, na mwimbaji hatoi sauti mbele yako tena bali anazagaa kichwani mwako bila anwani. Jaribio lake ni rahisi: weka redio kwenye taarifa ya habari. Sauti ya msomaji wa habari ni ya mtu mmoja na inatoka sawa kwenye spika zote mbili, kwa hiyo ni lazima aonekane amekaa katikati. Kama hujui amekaa wapi, kageuze waya wa spika moja (ampu ikiwa imezimwa) na usikilize tena. Mpangilio unaomleta mbele na kumpa besi ndio sahihi.

Neno moja kuhusu nyimbo zenyewe. Rekodi nyingi za zamani za taarabu na za dansi za miaka ya 1960 ni za mono. Usizilaumu spika zako ukikuta bendi nzima imepanga mstari katikati. Zitumie kama chombo cha kupimia, maana rekodi ya mono ikisikika nyembamba na imetulia katikati, ujue mpangilio wako ni mzuri. Ikitawanyika, bado.

Chukua futi kamba

Mahali spika zinapokaa pana uzito kuliko kitu kingine chochote utakachofanya, na kuzihamisha ni bure. Nitatumia sebule yangu kama mfano: urefu mita 4.8, upana mita 3.6, kutoka sakafu hadi dari mita 2.9. Pima yako uziandike.

Weka spika kwenye ukuta mfupi, ziangalie urefu wa chumba. Hapo sauti inapata nafasi ya kusafiri kabla ya kukutana na ukuta wa nyuma yako, na kuta za ubavuni zinabaki kwa umbali unaolingana. Ukizipanga kwenye ukuta mrefu, kochi lako litaishia kugusa ukuta wa nyuma, na sikio lililobandikwa ukutani hupata besi nyingi isiyo ya kweli pamoja na sauti inayorudi karibu wakati uleule na ile ya kwanza.

Halafu zitoe ukutani. Najua hili ni gumu. Sebule ni ya familia, watu wanapita, na desturi yetu ni kila kitu kuegemea ukuta. Lakini spika iliyobanwa kwenye kona, au iliyotumbukizwa kwenye kabati la TV kati ya maua na picha za harusi, haiwezi kuonyesha kina. Kina maana yake ni ile hali ya kusikia ngoma ziko nyuma ya mwimbaji, hatua kadhaa kule ndani. Kwangu mbele ya kila spika iko sentimita 90 kutoka ukuta ulio nyuma yake. Kama huwezi kufika huko, anza na 50, na siku ya kusikiliza uzisogeze mbele zaidi, kisha uzirudishe.

Umbali huo una athari nyingine kwenye besi. Besi huzunguka spika, hugonga ukuta wa nyuma na kurudi. Kuna mlio mmoja ambao hurudi umegeuka na kuifuta ile ya mbele. Mlio huo unaupata kwa kugawa mwendo wa sauti, karibu mita 347 kwa sekunde katika joto letu, kwa mara nne ya umbali. Kwa mita 0.9 ni kama Hz 96, yaani mitetemo 96 kwa sekunde. Ubavuni kwangu nimeacha sentimita 70 kila upande. Usifanye umbali wa nyuma, wa ubavuni na wa sakafuni ulingane, kwani mashimo yote matatu yatatokea kwenye mlio mmoja na utalisikia pengo.

Kati ya spika na spika pamebaki mita 2.2. Sasa kiti chako kiwe umbali huohuo kutoka kila spika, mita 2.2, ili wewe na spika mbili mfanye pembetatu yenye pande sawa. Hiyo ndiyo pembe ya nyuzi 60 ambayo rekodi nyingi hutengenezewa studioni. Spika zikikaribiana mno, bendi inabanana. Zikitanuka mno, katikati panatoboka: unasikia kushoto, unasikia kulia, na mwimbaji hana pa kusimama.

Kwa hesabu hiyo masikio yangu yako mita 2.8 kutoka ukuta wa mbele (ule ulio nyuma ya spika), yaani nimevuka nusu ya chumba kidogo. Nilifanya hivyo kwa makusudi. Katikati kabisa ya urefu wa chumba besi ya chini hupotea, na kwenye ukuta wa nyuma hujaa kupita kiasi. Waandishi wengi wa mambo ya sauti hushauri kukaa karibu na asilimia 38 ya urefu, kutoka ukuta wa mbele au wa nyuma. Ni pa kuanzia tu. Sogeza kiti sentimita kumi mbele, kumi nyuma, usikilize gitaa la besi likipanda na kushuka noti. Unatafuta mahali ambapo hakuna noti inayovimba wala inayomezwa.

Sasa kazi ya uangalifu. Funga uzi mahali kichwa chako kinapokaa (mimi nilitumia stendi ya kuanikia nguo), uvute hadi kwenye twita ya kushoto, yaani kile kispika kidogo cha sauti kali, ushike alama kwa vidole, kisha upeleke uzi huohuo kwenye twita ya kulia. Tofauti isizidi sentimita moja. Spika moja ikiwa mbali kwa sentimita 34, sauti yake inachelewa kwa milisekunde moja, na hiyo inatosha kumhamisha mwimbaji moja kwa moja hadi kwenye spika iliyo karibu. Hata sentimita tano utazisikia.

Urefu wa twita uwe sawa na masikio yako ukiwa umekaa, kwa viti vyetu vya kawaida kama sentimita 95. Spika ndogo zinahitaji stendi. Fundi seremala anakutengenezea mbili kwa siku moja, na tofali mbili za saruji zilizosimamishwa na kufunikwa kitambaa nazo zinafanya kazi safi kwa sababu ya uzito wake. Usizipandishe juu ya kabati refu kama tunavyoziona baa.

Zigeuze ndani, kidogo kidogo

Anza zikiangalia mbele, sambamba na kuta. Weka sauti ya mtu mmoja. Geuza kila spika ndani kwa upana wa kidole, kaa, sikiliza, rudia. Kadiri unavyozigeuza, mwimbaji anakusanyika na kuwa mdogo, lakini ukipitiliza jukwaa zima linasinyaa. Mimi huishia pale ambapo mistari ya twita mbili inakutana nyuma kidogo ya kichwa changu. Faida yake nyingine ni kwamba spika iliyogeuzwa ndani hupunguza sauti kali inayokwenda kwenye ukuta wa ubavuni, na kwenye kuta za saruji hilo ni la thamani. Hakikisha zote mbili zimegeuka sawa. Ukiwa kitini unapaswa kuona kiasi kilekile cha ubavu wa ndani wa kila kasha.

Kabla hujaendelea, ondoa meza ya kioo iliyo kati yako na spika. Ni kama kioo cha kujitazamia kwa sauti, inairusha moja kwa moja usoni pako. TV ikiwa kati ya spika, sogeza spika zitangulie mbele yake, na wakati wa kusikiliza muziki tu, itupie blanketi.

Kaa na mpangilio huu wiki nzima kabla ya kununua chochote.

Adui wa picha: sauti inayorudi mapema

Piga kofi moja ukiwa katikati ya sebule. Ukisikia mlio wa haraka, mkavu, kama mtetemo wa bati, ni sauti inayopigwa danadana kati ya kuta mbili tupu zinazotazamana. Ukisikia mkia mrefu, ni mwangwi wa chumba kizima. Vyote vina dawa ileile ya msingi, yaani kitu kinene na laini, ila mahali pa kukiweka panatofautiana.

Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard, ndiye aliyeonyesha jambo hili kwa hesabu. Kuanzia mwaka 1895 alipewa kazi ya kuurekebisha ukumbi wa mihadhara ambao maneno yalikuwa hayasikiki kwa mwangwi. Usiku yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, wakaiongeza kidogo kidogo huku wakipima sauti inachukua muda gani kufa. Mito mingi zaidi, mwangwi mfupi zaidi. Kochi lako la kitambaa ni kifaa cha akustika tangu siku ulipolinunua. La ngozi bandia hufanya kazi hiyo kidogo tu, kwani sauti kali haipenyi.

Lakini kwa picha ya stereo, tunaanza na zile sauti chache zinazorudi kwanza. Kwenye sebule yangu, sauti ya spika ya kulia inafika sikioni moja kwa moja kwa mita 2.2. Nakala yake inakwenda ukutani na kurudi, mita 3.14 hivi. Imechelewa kwa milisekunde 2.7 tu, na kwa umbali peke yake imepungua desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Utafiti wa Helmut Haas wa mwaka 1949 ulieleza kwamba ubongo hushika mwelekeo wa sauti iliyotangulia na kuzimeza zinazofuata upesi. Hauzisikii kama mwangwi. Ila kuzimeza si kuzifuta: nakala kali iliyofika karibu sana na ya kwanza humtanua mwimbaji, humvuta pembeni, na kuibadilisha rangi ya sauti yake.

Mahali pa kuikamata unapatafuta kwa kioo. Kaa kitini. Mpe mtu kioo cha mkononi, akibandike kwenye ukuta wa kulia kwa urefu wa masikio yako, akisogeze taratibu kutoka kwenye spika kuelekea kwako. Utakapoiona twita ya kulia ndani ya kioo, mwambie asimame, aweke alama kwa penseli. Aendelee mpaka uione na twita ya kushoto, aweke alama ya pili. Fanya hivyo ukuta wa kushoto, kisha sakafuni, kisha darini kwa ngazi. Kwangu alama ya kwanza ya ukutani iliangukia karibu mita 1.4 kutoka ukuta wa mbele. Alama hizi ndizo mahali pa fedha yako. Mita moja ya mraba iliyowekwa hapo inafanya kazi kuliko mita tano zilizotawanywa kwa pambo.

Pande mbili zisizofanana

Hapa ndipo lilipokuwa tatizo aliloligundua mama mkwe. Kulia kwangu kuna kioo cha dirisha. Kushoto, penye alama ileile, hakuna ukuta kabisa, ni uwazi wa kwenda kwenye meza ya chakula. Sauti ya kushoto inakwenda zake na hairudi. Ya kulia inarudi yote. Spika ya kulia ilikuwa ikipata msaidizi na ya kushoto haina, ndiyo maana bibi akawa anaimbia dirishani.

Mwanzoni nilidhani niweke kitu upande wa kushoto, nikasimamisha ubao mpana pale penye uwazi ili pande zilingane. Zililingana, lakini zote mbili zikawa zinarudisha sauti, na mwimbaji akarudi katikati akiwa mpana kama pazia. Nilikosea mwelekeo. Uwazi ni kifyonzaji kamili. Upande wenye uwazi ndio ulio mzuri, na kazi ni kuufanya upande wa kioo ufanane nao. Kwa hiyo nenda upande wenye kioo na uufunike kwa uzito wote ulio nao.

Pazia jepesi la shela halizuii kitu. Tumia pazia zito, lenye upana mara mbili wa dirisha ili libaki na mikunjo hata likifungwa, na fimbo yake iwe sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye kioo. Hewa iliyo nyuma ya kitambaa inaongeza kazi yake. Pazia hata hivyo hushika sauti kali tu na kuiacha ya kati, ambako sauti ya binadamu ina nguvu nyingi. Nilimaliza kwa paneli nene ya kusimama yenyewe ambayo huwekwa mbele ya pazia wakati wa kusikiliza na kurudishwa chumbani baadaye. Tangu siku hiyo sauti imekaa katikati.

Jinsi ya kutengeneza paneli

Kwanza niyaondoe mawili yanayopotosha watu. Trei za mayai hazitibu chumba. Ni karatasi nyepesi na nyembamba. Hushika ncha ya juu ya sauti, huacha mengine yote, na chumba kikabaki kizito na chenye giza. Sponji nyembamba ya sentimita mbili au tatu ina ugonjwa huohuo. Na vyote viwili hushika moto upesi. Sponji ya magodoro ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Usiibandike ukutani karibu na soketi.

Unene ndio siri. Kitu laini hufyonza vizuri kinapokuwa na unene wa kutosha kulingana na urefu wa wimbi. Lenga sentimita 10, na acha nafasi ya hewa ya sentimita 5 hadi 10 kati ya paneli na ukuta.

Fremu: mbao za inchi moja kwa nne, zikatwe zifanye sanduku lisilo na mgongo la sentimita 120 kwa 60. Pigilia misumari na gundi ya mbao, weka vipande vya pembetatu kwenye kona isije ikapinda. Nyuma funga kitambaa chepesi au wavu.

Ujazo ulio bora ni pamba ya mawe, ile inayouzwa kwa ajili ya kuzuia joto kwenye mabati na kwenye mabomba. Chagua yenye msongamano wa kilo 40 hadi 60 kwa mita ya ujazo. Haiungui. Ukiikata vaa glovu, barakoa na mikono mirefu, na ufanye kazi nje, kwani nyuzi zake huwasha ngozi na hazifai kuvutwa. Ukiikosa, nenda mitumbani ukanunue taulo na mablanketi mazito ya pamba. Yafue, yakaushe juani, uyakunje na kuyapanga kwa tabaka za kulala, moja juu ya jingine, hadi fremu ijae. Ukiyasimamisha yatashuka na kuacha pengo juu. Paneli za namna hii ni nzito lakini zinafyonza vizuri sana. Sufi na usumba wa nazi navyo hufyonza vikiwa vinene, ila sufi hushika moto haraka mno. Mimi siitumii ndani.

Kitambaa cha mbele lazima kipitishe hewa. Kiweke mdomoni upulize. Pumzi ikipita bila taabu kinafaa, ikigoma sauti nayo itagoma. Kitambaa cha marekani, gunia la juti, kanga ya pamba, vyote vinapita. Kitenge chenye nta kifue kwanza, ukijaribu tena kikigoma kiache.

Zinahitajika mbili za ukuta wa kulia na kushoto penye alama, na kama una uwezo mbili zaidi ukutani nyuma ya kiti chako. Ukuta wa saruji unataka kutobolewa kwa dreli na kulabu imara. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa aweke miguu ya mbao, paneli isimame yenyewe.

Sakafu na dari

Marumaru kati yako na spika yarudisha sauti baada ya milisekunde mbili. Zulia nene lenye manyoya, na chini yake zulia jingine kuukuu au felti, liwekwe penye alama. Mkeka peke yake ni mwembamba mno.

Dari kwangu inarudisha baada ya milisekunde 6.6, haina ukali kama ukuta, kwa hiyo iache hadi mwisho. Ukiamua kuning'iniza paneli, usiitundike kwenye jipsamu, haibebi. Fundi apande juu ya dari, afunge waya kwenye kenchi, paneli ining'inie sentimita 10 chini ya dari. Paneli inayoning'inia juu ya vichwa vya watoto si ya kufungwa na mtu anayekisia.

Besi

Chumba cha vipimo vyangu huvimba karibu na Hz 36, 48 na 60, kila moja ikitokana na urefu, upana na kimo. Unazipata zako kwa kugawa 347 kwa mara mbili ya kipimo. Paneli ya sentimita 10 haizigusi. Dawa yake ni kujaza kona kuanzia sakafuni kwenda juu kwa vitu vya unene wa sentimita 30 na zaidi. Marobota ya mablanketi yaliyofungwa kwenye kitambaa na kusimamishwa konani yanasaidia. Mwenye sabufa (spika ya besi) aiweke kitini, apige wimbo wenye besi, kisha atambae sakafuni kando ya kuta akisikiliza. Pale besi inaposikika sawasawa ndipo sabufa ikae. Kikomo chake cha juu kiwe Hz 80, maana ikipanda juu zaidi masikio yanaanza kujua iko wapi na picha inavutwa kwenda huko.

Usikiue chumba

Nimeingia kwenye vyumba vilivyofunikwa sponji pande zote. Sauti kali imekwisha, besi imebaki inanguruma, na mtu akizungumza unahisi masikio yameziba. Sebule ya ukubwa huu ikiacha sauti ife kwa nusu sekunde au chini kidogo, inatosha. Acha ukuta mwingine wazi. Kabati la vitabu vya ukubwa tofauti, vilivyosukumwa ndani na nje bila mpangilio, likiwa nyuma yako, huitawanya sauti bila kuila, na muziki unabaki na uhai.

Kuhakikisha kwa kipimo

Masikio yanatosha, lakini mwenye kompyuta anaweza kupakua REW, programu ya bure ya kupima sauti iliyotengenezwa na John Mulcahy, na kuazima maikrofoni ya kupimia. Weka maikrofoni mahali pa kichwa, pima spika moja moja. Kwenye mchoro wa mpigo (Impulse), tazama milisekunde 20 za kwanza. Kila mwiba ni sauti inayorudi. Zidisha muda wake kwa sentimita 34.7, utapata ziada ya safari yake, na kwa uzi wa urefu huo unaweza kuutafuta ukuta au meza inayohusika. Miiba ikiwa chini kwa desibeli 10 au zaidi kuliko sauti ya kwanza, picha yako ipo salama. Mchoro wa kushoto na wa kulia ufanane kadiri inavyowezekana.

Ukishamaliza, bandika vipande vya tepu ya fundi umeme sakafuni kwenye kila pembe ya stendi na kwenye miguu ya mbele ya kiti. Nyumba hupigwa deki kila siku na spika husogezwa. Tepu itazirudisha mahali pake bila kupima upya. Wanaoishi pwani wazitoe paneli za mablanketi juani mara moja kwa mwezi wakati wa masika, wanuse kitambaa cha nyuma. Harufu ya ukungu ikianza, ujazo ufuliwe na kukaushwa kabla ya kurudishwa.